Kiseyeye, Mswaki na Duara la Uzuiaji: Uhakiki wa Istilahi za Kijitabu cha Tiba ya Fizi

Miongoni mwa maandishi yaliyoletwa kwetu ili yakaguliwe lugha kabla ya kupigwa chapa, kimo kijitabu cha kurasa arobaini na nane kinachoeleza jinsi mimea inavyojaribiwa maabarani dhidi ya bakteria wanaoleta ugonjwa wa fizi. Kimefasiriwa kutoka Kiingereza, na kimekusudiwa wauguzi wa zahanati, walimu wa sayansi wa shule za sekondari, na waganga wa tiba asili wanaotambuliwa kwa mujibu wa Sheria Na. 23 ya mwaka 2002. Jina la mfasiri hatutalitaja, wala la waliomwajiri, maana shabaha yetu si kumwumbua mtu. Tena ni haki kusema tangu mwanzo kwamba mfasiri huyu anakijua Kiswahili. Sentensi zake zinasomeka, upatanisho wa kisarufi haumshindi, na neno ufizi amelitumia katika umoja na fizi katika wingi kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, jambo ambalo waandishi wengi wa leo wamekwisha kulisahau. Kasoro zake zimo katika istilahi. Na kwa kuwa mambo yenyewe ni ya afya ya watu, kasoro hizo haziishii katika karatasi.

Tuanze na jalada. Jina la kijitabu linatangaza mimea ya kutibu kiseyeye, na ndani yake kila mahali panapotajwa ugonjwa wa fizi pameandikwa neno hilo hilo. Kiseyeye ni ugonjwa wa upungufu wa vitamini C. Mwili ukiikosa vitamini hiyo hushindwa kutengeneza kolajeni iliyo imara. Fizi huvimba na kutoka damu, meno hulegea, hata majeraha yaliyokwisha kupona huweza kufunguka tena. Ulikuwa ugonjwa wa mabaharia wa safari ndefu, na ilikuwa mwaka 1747, katika merikebu iliyoitwa Salisbury, ambapo daktari James Lind aliwapa baadhi ya wagonjwa machungwa na malimau akaona wanapata nafuu kuliko wenzao waliopewa siki au maji ya bahari. Ama ugonjwa unaozungumzwa na kijitabu hiki ni mwingine kabisa. Huo huanza kwa utando wa bakteria unaojijenga penye mpaka wa jino na ufizi. Utando usipoondolewa, ufizi huwa mwekundu, huvimba, na hutoka damu mtu apigapo mswaki. Na ukiachwa kwa miaka, kwa watu wengine huharibu nyuzi na mfupa unaolishika jino, hata jino likacheza na mwishowe likang'oka lenyewe. Damu ya mwanzo yafanana. Chanzo hakifanani hata kidogo.

Msomaji ataniwia radhi nikiingiza habari ya nyumbani. Mama yangu mdogo, mkazi wa Muheza, alianza kutokwa na damu fizini akiwa na umri wa miaka arobaini hivi. Akaambiwa na mtu aliyemwamini kwamba ana kiseyeye, na kwamba dawa yake ni machungwa na ndimu. Sasa, Muheza ni mahali ambapo machungwa hayajapata kuwa haba. Mama mdogo amekula machungwa tangu hajaota meno ya utu uzima. Alikula zaidi, tena akazidisha ndimu, mwaka mzima na nusu. Alipofika kwa daktari wa meno, meno manne ya mbele chini yalikuwa hayana tena cha kuyashikilia. Hakuna mtu aliyemdanganya kwa makusudi. Neno moja lilikuwa linafanya kazi ya maneno mawili, na yeye akaangukia upande usio wake.

Kwa hiyo pendekezo letu ni kwamba kiseyeye libaki kwa ugonjwa wa upungufu wa vitamini C peke yake. Hatua ya kwanza ya ugonjwa wa bakteria iitwe mchochota wa fizi, kwa kufuata neno mchochota ambalo waandishi wa tiba hulitumia kwa hali ya kiungo kuwa chekundu, kuvimba na kuuma. Neno uvimbe peke yake halitoshi, kwa sababu mgonjwa akiambiwa ana uvimbe mara hufikiri saratani. Hatua ya pili, ile inayokula mfupa, haina jina katika kijitabu; mfasiri ameandika "kiseyeye kikali". Sisi twapendekeza mchochota wa vishikizo vya jino. Kishikizo kila mtu anakijua kutoka katika shati lake. Na atakayeambiwa kwamba vishikizo vya jino lake vinaliwa hatahitaji kuelezwa kwa nini jino linacheza.

Ukurasa wa tano unaleta neno "plaki". Hapa tunamlaumu mfasiri kidogo, kwani ameazima kitu ambacho kimo nyumbani. Kiswahili kina neno ukoga, ambalo ni uchafu laini unaoganda juu ya meno. Wazee wa pwani walikuwa wakimwambia mtoto aliyeamka na kutaka kula kabla ya kusukutua kwamba ana ukoga. Ukoga ukikaa, madini ya mate hujiingiza ndani yake ukawa mgumu kama chokaa, na hapo mswaki hauuwezi tena, mpaka ukwanguliwe kwa chombo. Huo mgumu waganga wa meno wengi huuita ugaga. Hivyo tuna jozi iliyo tayari: ukoga kwa ulio laini, ugaga kwa ulio mgumu. Kijitabu kimeuita wa kwanza plaki na wa pili "plaki ngumu", na kwa kufanya hivyo kimepoteza tofauti ambayo lugha ilikuwa imekwisha kuifanya bila ya msaada wa kamati yoyote. Kadhalika neno kusukutua halionekani popote. Mahali pake pamewekwa "kuosha kinywa kwa kuzungusha maji". Maneno matano kwa kazi ya neno moja.

Sasa twende kwenye mswaki wenyewe, ambao ndio kiini cha kijitabu. Mmea unaozungumzwa ni Salvadora persica, mti mdogo wa nchi kavu unaoota tangu Afrika Mashariki hadi Uarabuni na Bara Hindi. Jina letu mswaki linatokana na Kiarabu, na hapo zamani lilikuwa jina la kijiti kilichotafunwa ncha hata kikawa kama brashi. Baadaye lilihamia kwenye brashi ya plastiki inayouzwa dukani, na leo ukimtuma mtoto alete mswaki ataleta wa plastiki. Mfasiri hakuliona hilo. Ameandika kwamba "dondoo ya mswaki iliwekwa kwenye sahani", na mwalimu wa sayansi atakayesoma mbele ya darasa atasikia wanafunzi wakicheka, maana watadhani brashi ya plastiki imekamuliwa. Dawa yake ni rahisi: mti uitwe mti wa mswaki, kipande chake kiitwe kijiti cha mswaki, na kitu cha dukani kibaki na jina lake kilichokwisha kujinyakulia.

Lakini neno dondoo lina matatizo makubwa kuliko hayo. Kudondoa ni kuokota kimoja kimoja, kama kuku adondoavyo punje. Na dondoo limekwisha kuwa istilahi ya sehemu fupi iliyotolewa katika maandishi. Kinachofanyika maabarani ni kingine. Mmea hukaushwa, husagwa, huloweshwa ndani ya kiyeyushi, yaani maji, ethanoli au kingine, kwa muda wa saa au siku, kisha huchujwa na kiyeyushi hupunguzwa au huondolewa. Kiyeyushi huvuta baadhi ya viambato na kuviacha vingine. Ndiyo maana kilichotolewa kwa maji na kilichotolewa kwa ethanoli, ijapokuwa mmea ni mmoja, ni vitu viwili vyenye nguvu tofauti. Kwa tendo hili kitenzi kuzidua kimekwisha kupata uraia. Uziduaji limeingia hata katika lugha ya sheria, kwa ile sheria ya mwaka 2015 ihusuyo uwazi na uwajibikaji katika tasnia ya uziduaji wa madini, mafuta na gesi asilia. Twapendekeza basi ziduo, wingi maziduo: ziduo la maji, ziduo la ethanoli. Wako wenzetu wanaosema kwamba neno hili linanuka machimbo. Kwa maoni yangu hilo si kosa. Dhahabu huziduliwa katika mwamba, na kiambato huziduliwa katika mzizi.

Kubaya zaidi ni kwamba mfasiri hakushikamana hata na hilo dondoo lake. Ukurasa wa kumi na mbili ameandika juisi, wa kumi na tano utomvu, wa kumi na tisa dondoo, na katika maandishi ya asili ni neno moja tu. Msomaji anatoka akidhani amefundishwa dawa tatu. Tena utomvu ni neno la hatari: ni maji yatokayo kwenye mmea wenyewe unapokatwa, na yeyote aliyepata kuguswa na utomvu wa mnyaa machoni anajua kwamba si kila utomvu ni wa kupaka fizini. Dhana moja, jina moja. Hili limesemwa katika kurasa hizi mara nyingi mno, lakini inaonekana halijasemwa vya kutosha.

Isitoshe, jaribio ambalo kijitabu kinalieleza kwa kirefu kuliko mengine halikutumia ziduo lolote! Nalo ni jaribio mashuhuri lililochapishwa mwaka 2008 na watafiti wa Sweden. Walichukua vipande vya kijiti cha mswaki kama vilivyo, vingine wakavitia ndani ya agari na vingine wakavining'iniza juu ya sahani pasipo kugusa chochote. Walitaka kujua kama athari ya kijiti inatoka katika kusugua tu, au mna kitu ndani yake kinachowadhuru bakteria. Hata vipande visivyogusa agari vilizuia bakteria kuota, ikadhihirika kwamba kitu hicho kinaweza kusafiri hewani kama mvuke. Bakteria wawili walio maarufu kwa magonjwa ya vishikizo vya jino walizuiwa sana. Yule wa kuozesha meno, Streptococcus mutans, alizuiwa kidogo kuliko hao. Mwaka 2011 kundi hilo lilichapisha kwamba kiambato kikuu katika mafuta ya mizizi ni isothiosianeti ya benzili, ambayo ni ya ukoo mmoja na kiambato kinachoipa haradali ukali wake puani. Haya yote mfasiri ameyaweka chini ya kichwa "Dondoo Hufanya Kazi Bila Kugusa". Kwa neno moja lisilo mahali pake ameyaondoa mambo mawili yaliyolifanya jaribio liwe la kusisimua: kwamba kijiti kilitumiwa kizima kama atumiavyo bibi, na kwamba kilichofanya kazi ni mvuke wake.

Tukija kwa bakteria wenyewe, mfasiri amewaita vijidudu. Mahali pengine pengi neno hili halina ubaya, nasi tumelizoea tangu mabango ya usafi wa shuleni. Lakini kinywani lina historia yake. Watu wengi bado wanaamini kwamba jino huoza kwa sababu ya mdudu, mdudu wa kuonekana, anayeweza kutolewa kwa fukizo. Na wapo wanaofukiza na kumwonyesha mgonjwa kitu cheupe wakisema ndiye huyo. Kijitabu kinachosema kwamba "mswaki huua vijidudu vya meno" kitasomwa na mtu huyo kama ithibati ya kazi yake. Neno bakteria limekwisha kuenea vya kutosha, nalo halina mdudu ndani yake. Tulitumie, na kwa upatanisho wa viumbe hai: bakteria huyu, bakteria hawa.

Majina ya kisayansi mfasiri amejaribu kuyaswahilisha, akapata "Pofiromonasi jinjivalisi". Hili halifai. Jina la kisayansi la kiumbe ni la mataifa yote, na huandikwa kama lilivyo, Porphyromonas gingivalis, ili mwanafunzi wa Songea na wa Tokyo watafute kitu kimoja. Kinachofaa ni kumpa msomaji maana yake: sehemu ya kwanza inatokana na Kigiriki, kwa rangi ya zambarau iliyokolea, kwa kuwa bakteria hao wakioteshwa juu ya agari yenye damu hutoa vikundi vyenye rangi ya kuelekea weusi, ya pili ni Kilatini cha ufizi. Kadhalika msomaji ahadharishwe kwamba majina haya hubadilika. Bakteria huyo huyo aliitwa Bacteroides gingivalis mpaka mwaka 1988. Na mwenzake aliyekuwa Actinobacillus alihamishiwa jenasi ya Aggregatibacter mwaka 2006. Kijitabu kinataja jina la zamani ukurasa wa nane na jipya ukurasa wa ishirini kana kwamba ni bakteria wawili. Kosa hilo lilitoka kwa mwandishi wa asili, lakini mfasiri wa sayansi hana ruhusa ya kulipitisha akisema si lake.

Mfasiri ameandika pia "bakteria wa gramu hasi". Nilipoisoma mara ya kwanza nilijiuliza ni kitu gani chenye uzito pungufu ya sifuri. Gram hapa si kipimo cha uzito. Ni jina la mtu, Hans Christian Gram wa Denmark, ambaye mwaka 1884 alieleza namna ya kuwatia bakteria rangi hata wakagawanyika makundi mawili, wanaoishika na wasioishika. Jina la mtu liandikwe kwa herufi kubwa na kwa tahajia yake: bakteria hasi wa Gram, bakteria chanya wa Gram. Ni herufi moja tu, lakini bila ya hiyo sentensi nzima ni upuuzi.

Sasa nafika penye jambo ambalo mimi mwenyewe nimepata kulikosea. Katika warsha moja ya istilahi, miaka michache iliyopita, nilitetea kwa nguvu kwamba kila kitu kinachopambana na bakteria kiitwe kwa kuanzia na kiua-, kwa mfano wa kiuavijasumu ambacho kimekwisha kuzoeleka kwa dawa za antibayotiki. Alikuwapo fundi sanifu wa maabara, mama mtu mzima, aliyenisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akasema: "Mwanangu, sisi hapo hatukuua. Tulizuia tu." Akaeleza, na tangu siku hiyo sijalisahau somo lake.

Ziduo huwekwa katika vijishimo vya sahani kwa kupunguzwa nusu kwa nusu, kila kijishimo kina ukolezo ulio nusu ya kilichotangulia. Bakteria huongezwa, na sahani huwekwa ndani ya kiatamizi kwa nyuzi 37 za Selsiasi. Kwa Porphyromonas gingivalis lazima hewa isiwe na oksijeni, kwani hana ustahimilivu nayo. Kijishimo cha ukolezo mdogo kuliko vyote ambacho bado bakteria hawakuota ndani yake ndicho kinachotoa kipimo cha kwanza. Lakini kutoota si kufa. Bakteria waweza kuwa hai, wamebanwa tu, wakingoja dawa iondoke. Ili kujua kama wamekufa, tone huchukuliwa katika vijishimo hivyo visivyoota kitu likapandwa juu ya agari mpya isiyo na dawa. Wakiota, walizuiwa, wasipoota, waliuawa. Kwa hiyo vipimo ni viwili, na aghalabu cha pili huwa kikubwa kuliko cha kwanza. Hata miongoni mwa antibayotiki zenyewe, tetrasaiklini, ambayo madaktari wa meno wameitumia kwa ugonjwa wa vishikizo, kazi yake hasa ni kuzuia bakteria kutengeneza protini ili wasizaliane. Kuiita kiuavijasumu ni kuitukuza kuliko inavyostahili. Jina hilo kulifuta sasa haitawezekana, lakini tusilizidishie watoto.

Kijitabu kinasema kuua kila mahali. Katika jedwali la ukurasa wa ishirini na sita, lenye safu mbili katika maandishi ya asili, mfasiri aliona safu mbili zinazofanana akaziita zote "kiwango cha kuua", ya kwanza na ya pili. Twapendekeza ukolezo wa chini wa kuzuia na ukolezo wa chini wa kuua. Ukolezo ni neno zuri lililotoka jikoni, kwa chai iliyokolea sukari, na ni sahihi kuliko kiwango, ambacho chaweza kuwa kiwango cha kitu chochote. Tofauti hii inamhusu mgonjwa. Anayesukutua maji ya mswaki kwa imani kwamba ameua bakteria wote ataona hana haja ya kusukutua kesho, ilhali aliowazuia wanarudi kazini baada ya saa chache.

Kuna njia ya pili ya kupima, nayo imemponza mfasiri kwa namna nyingine. Bakteria hupakwa juu ya agari, kisha kisahani cha karatasi chenye kipenyo cha milimita 6 hutiwa ziduo na kuwekwa juu yake. Dawa husambaa pande zote, na pale inapowazuia bakteria hubaki duara safi lisiloota kitu. Mfasiri ameliita "eneo la kizuizi". Kwanza, kizuizi ni gogo la polisi barabarani. Pili, na hili ni zito, eneo hupimwa kwa milimita za mraba, na kinachopimwa hapa ni kipenyo, kwa milimita tupu. Kwa hiyo "eneo la milimita 18" haliwezekani kihisabati. Twapendekeza duara la uzuiaji, na kipenyo cha duara la uzuiaji. Zuio tuliliepuka kwa kuwa mahakama na wakusanya kodi wamekwisha kulichukua. Msomaji aelezwe vilevile kwamba karatasi yenyewe imo ndani ya kipimo: anayeandika milimita 6 amepima karatasi yake, hakuna kilichotokea. Kijitabu kimeandika kwamba ziduo mojawapo "lilionyesha nguvu ndogo, milimita 6". Tena duara kubwa si lazima liwe ushahidi wa dawa kali, maana viambato vingine husafiri vema ndani ya agari na vingine hubaki palepale vilipowekwa.

Katika majaribio hayo hayo mfasiri ameandika kwamba "udhibiti hasi ulifanyika". Mtumishi wa serikali atakayeisoma atafikiri habari za ukaguzi wa hesabu. Maana inayokusudiwa ni kitu kinachowekwa pembeni ili cha majaribio kilinganishwe nacho. Kwa hiyo twapendekeza kilinganishi. Kilinganishi hasi ni kiyeyushi peke yake bila mmea. Endapo karatasi ya ethanoli tupu nayo imefanya duara, basi duara la ziduo la ethanoli si la mti wa mswaki peke yake. Kilinganishi chanya ni dawa inayojulikana kwamba inafanya kazi, na katika tiba ya kinywa dawa hiyo mara nyingi ni klorheksidini. Mwalimu akilifahamu neno hili darasani atakuwa amefahamu nusu ya sayansi ya majaribio. Akilikosa, jedwali zima ni tarakimu tu.

Ziko kasoro nyingine ambazo hazihitaji maneno mengi. "Utamaduni wa bakteria" lifutwe mara moja. Wala hatuna haja ya nomino mahali pake, inatosha kusema bakteria walioteshwa. Wafasiri wetu wengi hudhani kila nomino ya Kiingereza yadai nomino ya Kiswahili, na huku lugha yetu imezoea kubeba mzigo kwa kitenzi. "Chombo cha kati" kwa chakula cha kukuzia bakteria nacho lifutwe. Usugu wa bakteria kwa dawa limetumika vizuri. Mwarobaini umeachwa na jina lake, nasi hatuna neno, ila mfasiri angeongeza kwamba jina hilo la magonjwa arobaini ni sifa iliyotolewa na watu wala halikutokana na maabara.

Swali moja tumelishindwa hata sisi. Katika maandishi ya asili kuna maneno ya Kilatini yenye maana ya ndani ya kioo, kwa jaribio linalofanyika nje ya kiumbe. Mfasiri ameandika "kiooni", na kwa kweli ni fasiri aminifu; tatizo ni kwamba kwa Mswahili kiooni ni mahali anapojitazama asubuhi. Baadhi yetu wanataka "nje ya mwili", wengine "sahanini" kwa kuilinganisha na "kinywani". Mimi naelekea kwa sahanini na kinywani, kwa sababu zinaonyesha umbali uliopo. Sahanini bakteria ni wa aina moja, wamelala juu ya agari laini, hawana mate yanayowapitia. Kinywani wamo wa aina mamia, wamejifungia ndani ya ukoga, na dawa inayowazuia wakiwa peke yao huwafikia kwa shida wakiwa katika utando huo. Utafiti wa dawa za mimea umekuwa na kitengo chake Muhimbili tangu mwaka 1974, na watafiti wetu wanaijua tofauti hii vizuri. Anayehitaji kuambiwa ni muuguzi wa zahanati, naye husoma Kiswahili. Wasomaji wenye maoni juu ya neno hili wanaombwa kuyaleta kabla ya kikao kijacho cha kamati.

Kijitabu kimerudishwa kwa mfasiri pamoja na maelezo yetu, na amekwisha kujibu. Ziduo, kilinganishi na duara la uzuiaji ameyakubali. Vishikizo vya jino amevipenda. Kuhusu bakteria ameomba aruhusiwe kuandika vijidudu mara moja, katika ukurasa wa kwanza, kwa ajili ya wasiolijua neno lenyewe, nasi tumeruhusu. Ubishi umebaki juu ya jalada. Anasema kwamba kijitabu kisicho na neno kiseyeye usoni hakitafunguliwa na mtu yeyote, kwa kuwa ndilo jina ambalo wagonjwa wanalileta zahanati. Na katika hilo hakukosea, maana hata mama yangu mdogo asingekifungua. Tumemwandikia kwamba neno libaki jaladani, lakini ndani ya sentensi hii: Si kila ufizi utokao damu una kiseyeye.